Nywele Zangu Zilizopandwa Mara Tatu

Mwezi uliopita nilimwachia Solange, msichana niliyemfundisha kazi, kiti changu cha kusukia, nikarudi nyumbani Kikula kupumzisha vidole. Vimesuka vichwa vya Likasi tangu nikiwa msichana, na sasa baridi ya Juni ikija vinagoma kukunjika. Siku ya kuagana, wasichana wa saluni walisisitiza kuniosha nywele wenyewe, na hapo ndipo Solange alipoona kovu refu kisogoni mwangu, kutoka karibu na sikio hili hadi karibu na lile. Akauliza, "Mama Béa, nani alikukata hivi?" Nikamjibu kwamba niliomba mwenyewe, tena niliomba mara tatu. Hawakuniruhusu kutoka mlangoni mpaka nilipoahidi kuandika. Basi nawaandikia ninyi mnaobaki kazini. Msitafute humu siasa, nani alikuwa mkubwa wa nani. Nitaandika juu ya vichwa, kikiwemo changu.

Nilianza kwa Mama Ntumba, sokoni Kikula, kwenye kibanda cha mabati chenye benchi moja. Wazazi wake walitoka Kasai zamani, wakifuata kazi ya mgodi, lakini yeye alizaliwa hapahapa Likasi na aliijua kila familia kwa nywele zake. Siku ya kwanza hakunipa kichwa cha mtu. Alinipa gunia kuukuu, akanionyesha jinsi ya kuchambua nyuzi zake, akazifunga kwenye mguu wa benchi, akaniambia nisuke. Nilisuka gunia wiki nzima. Wateja waliniuliza kama lile gunia linakwenda harusini. Mwishoni mwa wiki Mama Ntumba aliinama, akapitisha kidole kwenye mistari yangu, akasema, "Sasa iko sawa. Kesho utagusa muntu."

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: kitana cha mti, uzi mweusi, kopo la mafuta, na kitana cha chuma tulichokipasha moto juu ya mbabula, lile jiko letu la makala, yaani makaa ya miti. Ninyi mna umeme, siku ukiwepo, lakini jifunzeni hili hata hivyo. Kitana cha chuma kikitoka motoni, kiguseni kwanza kwenye kipande cha karatasi. Karatasi ikigeuka rangi ya chai, endeleeni. Ikigeuka rangi ya kahawa, subirini, la sivyo mtamrudishia mteja nywele zake mkononi.

Nilipenda kazi hii kupita kiasi. Nilikuwa naamka nikiwaza mistari. Kanisani, padri akihubiri, mimi nilikuwa nawakagua wanawake wa benchi la mbele, nani amesukwa na nani. Mara moja alikuja bibi harusi siku moja kabla ya ndoa, nusu ya nywele zake zimekatika kwa dawa ya kunyoosha iliyochanganywa jikoni kwa shangazi yake. Alikuwa analia bila sauti. Mama Ntumba alizunguka kile kichwa kama fundi anayetazama ukuta ulioanguka, kisha akachukua uzi mweusi. Tulisuka tangu saa za misa ya asubuhi. Uzi uliingia pale nywele zilipokosekana, ukapanda juu kama kikapu, na kesho yake watu walidhani ni mtindo mpya kutoka Kinshasa. Wiki hiyo wasichana watatu wenye nywele nzuri kabisa walikuja kuutaka.

Mama Ntumba alikuwa na sheria moja: kukaza. "Kichwa ya mususi njo enseigne ya duka," alikuwa anasema, maana yake kichwa cha msusi ndicho kibao cha biashara yake. Kwa hiyo kila Jumamosi alinikalisha nje ya kibanda, mbele ya wapita njia, akanivuta nywele mpaka macho yangu yakainuka kama ya paka. Nilijisikia mrembo. Sikuweza kufumba jicho vizuri hadi Jumanne, lakini nilikuwa mrembo.

Nywele zilianza kuondoka pembeni, kwenye panja, taratibu, kama mgeni asiyetaka kuaga. Kwanza paji la uso lilionekana pana kidogo. Nilikuwa nimeshaolewa na Ferdinand wakati huo, tuna binti yetu Clarisse, na nilidhani ni mambo ya uzazi. Kisha utosini nako kukawa kwepesi. Ukinitazama kutoka juu uliona ngozi. Msusi hutazamwa kutoka juu mara chache, kwa hiyo nilijifariji. Lakini baba yangu alikuwa na upara tangu ujana, na dada zake wawili sikuwahi kuwaona bila kitambaa. Nilikuwa nimedhani ni uchamungu.

Nikajaribu yote. Mafuta ya mbarika, maji ya vitunguu, majivu, dawa ya mmea mmoja wa huko Kakanda ambayo ilinifanya ninuke kama mbuzi aliyenyeshewa. Nywele ziliendelea na safari yao. Nikaanza kufunga kitambaa, na wateja wakaanza kuuliza, kwa upole ule unaoumiza, "Mama Béa, weye mwenyewe unasukwa wapi?" Wengine hawakuuliza. Walihamia kibanda cha jirani, ambako msusi alikuwa na mikono mizito lakini nywele hadi mabegani.

Ndipo ikaja miaka ile ya tisini. Ninyi mlikuwa wadogo au hamjazaliwa. Kiwandani, alikofanya kazi Ferdinand, mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine, na mishahara ikakatika. Maduka ya mjini yaliporwa. Mtu angedhani kusuka kungekufa kabla ya vingine vyote, lakini wanawake walizidi kuja. Walilipa kwa unga, kwa makala, kwa samaki wa mto Lufira. Mke wa fundi mmoja aliniambia, "Nyumba imeanguka, Béa, lakini kichwa isianguke." Nilimsuka mistari myembamba kuliko yote niliyowahi kusuka.

Kisha watu wa asili ya Kasai wakaanza kufukuzwa mjini. Majirani waliowazika wazazi wao pamoja waliacha kusalimiana. Mama Ntumba aliufunga mlango wa kibanda akaenda kukaa stesheni na watoto wake, katikati ya mamia ya watu na magodoro, kungoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Nilimpelekea bukari, ugali wetu, na mboga kila mchana. Siku treni iliposemekana iko karibu, aliniomba nimsuke, palepale chini, juu ya furushi lake. Alitaka mistari ya kulala kichwani, itakayovumilia safari ndefu.

Nilisuka polepole. Aliponyanyua kichwa alinivua kitambaa changu, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amethubutu kufanya, akatazama panja zangu.

"Minye njo nilikuvuta mingi," alisema, akijilaumu kwamba ni yeye aliyenivuta kupita kiasi.

"Apana, mama. Ni damu ya baba."

"Damu ya baba, na mukono ya Ntumba. Vyote mbili." Alinifunga tena kitambaa, vizuri kuliko nilivyokuwa nimekifunga. "Batoto utakabafundisha, usibafundishe kukaza. Na weye, tafuta dawa. Usizeeke chini ya hii kitambaa."

Treni ilikuja. Sikumwona tena, ila nilisikia kwamba alifika Kasai, na kwamba alikuwa anasuka watu huko siku ya tatu tu. Hilo lilinifurahisha bila kunishangaza.

Nikabaki na kibanda. Dada yangu akaniletea wigi kutoka Lubumbashi, la nailoni, jeusi ti, lenye nywele zilizoshuka mpaka kwenye nyusi. Biashara ilirudi kidogo. Nilijifunza kutembea bila kugeuka haraka. Asubuhi moja kibanda kilikuwa kimejaa, na mbabula ilikuwa inazimika, nikainama kuipuliza kama nilivyofanya maisha yangu yote. Pua zetu ndizo zilizojua kwanza. Nywele za mbele zilijikunja, zikatoa moshi, wigi likaanza kuyeyuka. Mteja mmoja alilinyakua kwa koleo la makala akalitupa kwenye ndoo ya maji, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya wateja wangu wote na kichwa changu jinsi kilivyokuwa.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Mwenye koleo alikuwa Odette, ambaye sote tulimwita Yaya, yaani dada mkubwa, muuguzi wa chumba cha upasuaji hospitalini, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno. Aliweka koleo chini, akanikalisha kwenye kiti cha wateja, akaanza kunitazama kichwa kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Alipapasa kisogo changu, mahali nywele zilikuwa bado nzito. Kisha akasema, "Kesho kuya ku hôpital. Kuko kintu Dokta Kisimba anatafuta, na minye naona iko kwako."

Dokta Kisimba alikuwa mpasuaji, mtu mfupi mwenye mikono midogo kama ya mtoto wa shule. Wenzake wengi walikuwa wameondoka. Kwa miaka mingi alikuwa akiwashona wafanyakazi waliochomwa na asidi na moto, akiwatolea ngozi pajani na kuwabandika usoni. Ngozi ilishika, lakini nywele hazikuota juu yake, na wanaume walirudi nyumbani bila nyusi, wanawake na kichwa nusu. Alikuwa amesoma kwamba nywele zinaweza kuhamishwa na mizizi yake. Alitaka kuanza na mtu mwenye ngozi nzima, asiye mgonjwa, anayeelewa nywele na asiyeogopa.

"Sina hakika juu ya hilo la mwisho," nilimwambia.

Alinieleza kwa mkono kwenye meza. "Mama Béa, minye sina dawa ya kuotesha nyele mupya. Niko na kisu na kibano. Nyele ya nyuma iko nguvu, haisikie ile magonjwa. Nitakata ukanda ya ngozi pale, Odette ataipasua vipande kidogo kidogo, na minye nitaipanda mbele. Kama inashika, itaishi pale maisha yote. Lakini ile ingine itaendelea kuanguka. Utarudia hapa. Pengine mara mbili, pengine tatu. Na siku moja nyuma itakwisha, na tutaacha."

Nilimuuliza swali lililokuwa linanikaba. Watu walikuwa wanakosa dawa za malaria. Je, haikuwa dhambi kupoteza ganzi kwa ajili ya nywele? Hakukasirika. Alisema dawa ya ganzi niitafute mimi mwenyewe kutoka Zambia, kupitia wanawake wanaofanya biashara ya mpakani, ili asimnyang'anye mtu yeyote. "Na kile nitajifunza juu ya kichwa yako," alisema, "nitakifanya juu ya ule mama ya Kakanda."

Mama wa Kakanda alikuwa kwenye wodi, amechomwa na mafuta ya taa, ana umri wangu. Yaya Odette alinipitisha karibu na kitanda chake nikitoka. Nadhani alifanya makusudi.

Nyumbani, Ferdinand aliweka kijiko chini. "Mama Clarisse, bantu banakosa dawa ya kinini, na weye unaenda kupanda nyele kama mahindi?"

"Weye ulikuwa unafanya kazi na mukono," nikamjibu. "Minye nafanya kazi na kichwa. Sasa yako imefungwa, yangu ndiyo inatulisha."

Alimaliza bukari yake. Asubuhi nilimkuta amesugua viatu vyake. Alisema kama ni lazima nikatwe, hatanisindikiza na viatu vichafu.

Hatukuanza na kichwa chote. Dokta aliogopa yale makovu yanayoota nyama na kuvimba, ambayo ngozi zetu nyingine zinayapenda mno, kwa hiyo alipanda kwanza vipande vichache nyuma ya sikio, akasema tungoje mvua ipite. Kovu lilikaa bapa kama karatasi. Siku aliponiambia kwamba tunaendelea, nilitoka hospitalini nikipiga vigelegele moyoni mwangu, na nilipofika sokoni niliwasuka wateja wawili bila kuwatoza chochote.

Upasuaji wa kwanza nitauandika vizuri, maana mtaulizwa na wateja. Nililala kifudifudi kwanza. Sindano za ganzi kichwani zinauma, asiwadanganye mtu. Zinauma kama nyuki wenye hasira. Baada ya hapo hakuna maumivu, ila kuna sauti. Kisu kikipita kisogoni unakisikia ndani ya fuvu, kama mtu anakata kabichi katika chumba cha pili. Dokta akashona. Nikageuzwa, nikakalishwa. Yaya Odette alikuwa mezani na wembe na shashi yenye maji ya chumvi, akiupasua ule ukanda vipande vidogo, kila kimoja na nywele zake mbili tatu, akivipanga kwa mistari. Mistari yake ilikuwa imenyooka. Nilimwambia akichoka na uuguzi aje kwangu.

Dokta alitoboa tundu kwa sindano nene, akasukuma kipande kwa kibano, akatoboa tena. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Wakasema kuna tatizo huko Mwadingusha, kwenye bwawa la umeme. Kila siku kulikuwa na tatizo huko Mwadingusha. Walinisukuma na kiti changu mpaka dirishani, na jua la mchana likafanya kazi ya taa. Watu waliokuwa wakipita uani walisimama kutazama. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama yule mama anasukwa. Dokta, bila kuinua macho, akamjibu, "Ndiyo, baba. Ngoja zamu yako." Mzee alikuwa na upara unaong'aa, na akaketi kweli akangoja.

Wiki chache baadaye nywele zote zilizopandwa zikadondoka. Zote. Nilizikuta kwenye kitambaa asubuhi, nikakaa ukingoni mwa kitanda na Clarisse akaniletea chai ambayo sikuinywa. Dokta alikuwa amenionya kwamba itakuwa hivyo, kwamba mti ukihamishwa unaangusha majani huku mizizi ikiwa hai. Lakini kuonywa ni kitu kimoja, na kuziona kwenye kitambaa ni kingine. Nikarudi kufunga kitambaa. Ferdinand hakusema neno juu ya mahindi, na kwa hilo nilimpenda.

Miezi ikapita. Siku moja nilikuwa nasuka kichwa cha mwalimu wa shule ya masista, nikajikuna panja kwa kiganja, nikasikia kitu. Kilikuwa kikali, kama kidevu cha kijana asiyenyoa vizuri. Nikajipapasa upande wa pili. Nako kulikuwa hivyo. Nilimwambia mwalimu, "Samahani, narudi," nikatoka mbio. Nilikimbia kutoka soko la Kikula hadi hospitalini, kitambaa mkononi, uzi mweusi umeninata kwenye blauzi, na watu njiani wakadhani nimefiwa. Walinzi walinipisha kwa huruma. Nilimkuta Dokta Kisimba akila njugu kwenye korido. Nilimwinamia tu, nikamwonyesha panja. Alipapasa. Akamwita Yaya Odette, naye akapapasa. Dokta akafuta mikono kwenye koti lake, akaanza kucheka, kicheko chembamba cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi, akasema, "Zinaota. Odette, zinaota." Yaya Odette alienda moja kwa moja wodini kumwambia mama wa Kakanda.

Mwalimu alinisubiri, na nusu ya kichwa chake imesimama. Nilipomweleza alisema angesubiri hata siku mbili.

Lakini nusu tu ndiyo iliyoota. Dokta hakuridhika. Alichukua vipande vilivyobaki siku ile, alivyovitunza kwenye chupa ya dawa, akavitazama kwa lenzi, akaona kosa liko wapi. Nywele zetu hazisimami chini ya ngozi kama misumari. Zinajikunja hukohuko ndani, na kisu kikishuka wima kinakata shina. Ilibidi kulaza kisu na kufuata mkunjo. Alinichorea kwenye kipande cha boksi, amefurahi kama aliyegundua mgodi. Wakati huohuo utabiri wake mwingine ulitimia: nywele zangu za zamani ziliendelea kurudi nyuma, zikaziacha zile mpya mbele peke yake. Nilikuwa kama kiwanja kilichojengewa uzio kabla ya nyumba. Nilirudi kulala kifudifudi.

Mara ya pili alilaza kisu. Mimi niliijua njia sasa; nilikaa nikasinzia katikati ya kutobolewa, na Yaya Odette alinipiga kofi dogo begani kila kichwa kilipoinama. Karibu zote zilishika. Ziliota nzito, zenye mkunjo wake, na baina ya hizo na za zamani pakajaa. Baada ya hapo ndipo Dokta alipomfanyia mama wa Kakanda, sehemu kwa sehemu, kwa sababu kovu la moto ni udongo mgumu na halipokei mbegu nyingi kwa pamoja. Mama huyo alikuja kwangu baadaye kusukwa kwa mara ya kwanza. Tulifunga mlango. Zilikuwa fupi, zilitosha mistari michache tu upande ule, nami nilizishika kwa ncha za vidole. Alikuwa ameshika kioo kwa mikono miwili na hakukishusha hata mara moja.

Ferdinand naye alikuwa na habari yake. Asidi ilimrukia kiwandani siku za mwisho za kazi, akapoteza nyusi ya kushoto, na alikuwa amezoea kusimama watu wakiwa upande wa kulia. Alipoona kichwa changu, aliacha kuzungumzia mahindi akaenda mwenyewe kwa Dokta, kimyakimya, nami nikajua alipokuja na plasta usoni. Nyusi iliota vizuri sana. Ila nywele za kisogoni hazijui kwamba zimehamia usoni, zinaendelea kurefuka kama zilivyozoea. Kila wiki mbili alikaa kwenye kiti changu nimpunguze. Wiki niliyokuwa na hasira naye nilimwacha, akaenda misa nyusi ikimwangukia jichoni.

Mara ya tatu ilikuja mwishoni mwa miaka ile. Wanajeshi walikuwa wamepita, nchi imebadilishwa jina, na hospitali haikuwa na shashi isipokuwa ile waliyoifua na kuichemsha. Nywele zangu za asili zilikuwa zimerudi nyuma tena. Dokta Kisimba alipapasa kisogo changu muda mrefu.

"Mama Béa, ukanda inabaki moya tu. Haiwezi kufika mbele na utosi. Chagula."

Nilimwomba kioo. Nilikaa dirishani nikajitazama kama ninavyomtazama mteja aliyekuja na picha ya mtu mwingine. Utosi hakuna anayeuona isipokuwa Mungu na watu wa ghorofani, na Likasi haina ghorofa nyingi. Uso unashikwa na panja. Nikamwambia anipe panja zote mbili, na utosi ubaki mwepesi. Ningeufunika kwa kusuka kulegea kutoka mbele kwenda nyuma. Yeye akaongeza kwamba tuache mstari wa mbele usinyooke sana, nywele ziingie na kutoka kidogo kama za mtu aliyezaliwa nazo. Tukachora pamoja kwa kalamu, mara anafuta yeye, mara nafuta mimi. Yaya Odette alituuliza kama tunapasua leo au tunafungua shule ya uchoraji.

Huo ulikuwa upasuaji wake wa mwisho wa nywele Likasi. Alihamia kwa watoto wake mwaka uliofuata, na Yaya Odette akaendelea hospitalini mpaka akastaafu. Kwangu hakuja kusuka, ingawa nilimwomba tena.

Nywele ziliota. Sikukimbia tena kwenda kwa mtu. Nilitulia nazo, nikazipaka mafuta, nikaziacha zirefuke bila kuzivuta, nikawafundisha wasichana wote niliowapokea, mmoja baada ya mwingine, kwamba mteja akitoka kwako na macho ya paka umemwibia.

Msimu wa kiangazi niliitwa Kambove kumsuka bibi harusi. Gari la abiria halikuwepo, tukapanda lori la makala lililokuwa linarudi tupu, wanawake sita na mimi, tumevaa za harusi. Lilipotoka mjini dereva alikanyaga mafuta. Upepo ukatupiga. Wenzangu waliinama nyuma ya kibanda cha dereva, wameshika vitambaa na mawigi kwa mikono miwili, mmoja akaomba tumgongee dereva apunguze. Mimi nilikuwa nimesimama, nimeshika bomba la chuma, na sikuwa na haja ya kushika kitu kichwani. Nilivua kitambaa nilichokuwa nimekivaa kwa mazoea tu, nikakitia kwenye mkoba. Upepo uliingia kwenye nywele mpaka kwenye ngozi, ukazisimamisha zote, za zamani na za kupandwa. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Nilifika Kambove mwekundu wa vumbi tangu kichwani. Mama wa bibi harusi alinipokea langoni, akanishika mkono kunivuta ndani haraka, maana padri alikuwa tayari anauliza. Nilimwambia bibi harusi itabidi asubiri kidogo. Nilikuwa na nywele za kuosha.